Mwana wa mfalme anaitwaje Taka?

Nilikuwa Scar kwa misimu miwili. Sitanii. Kuna hoteli moja hapa Bamburi, siitaji, ambapo kila Jumanne na Ijumaa usiku sisi vijana wa animesheni tulikuwa tunapanda jukwaani kando ya bwawa na kuwachezea wageni Lion King. Dakika 40 hivi. Muziki unatoka kwa spika, sisi kazi yetu ni kufungua mdomo na kuruka. Manyoya yangu ya shingo yalikuwa kamba za mkonge zilizotiwa rangi nyeusi, na jasho likishuka, rangi nayo inashuka. Kovu la jichoni nilichorwa kwa rangi ya mdomo ya dada mmoja wa mapokezi. Shilingi 800 kwa onyesho, na sahani ya chakula kilichobaki.

Kwa hivyo mkiniona nawaka leo, jueni siwaki kama mtu wa nje. Huyu simba amenilipia kodi ya nyumba.

Halafu tarehe 20 Desemba 2024 ikatoka Mufasa. Msimu wa Krismasi huo, hoteli zimejaa pomoni, na bosi akataka onyesho jipya kabla mwaka haujaisha. Akaniita kando. Akaniambia, sasa nusu ya kwanza wewe bado hujawa Scar, utaitwa Taka.

Nilidhani ni mzaha. Usiku wa kwanza mshereheshaji akashika maiki akanitangaza kwa sauti ile ya redio: Taka! Wageni wakapiga makofi. Huku nyuma, upande wa baa na mlango wa jikoni, wafanyakazi walivunjika mbavu. "Taka zimefika!" "Leo zamu ya nani kuzizoa?" Mzee wa bustani, mtu mpole ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, aliniletea toroli.

Nilicheka pia, nisiwadanganye. Lakini baada ya onyesho la pili nikamwendea bosi, nikamwomba tubadilishe hilo jina moja tu, tuweke lolote. Jibu likawa: wageni washaitazama filamu, jina wanalijua, na wewe hulipwi kufundisha watu Kiswahili. Ratiba ya Januari ilipobandikwa, sikuwemo. Labda ni kwa sababu ya hilo, labda ni kwa sababu nilichelewa kazini mara mbili mwezi huo. Sitaapa.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Hollywood siku hizi wana mchezo mmoja. Wanachukua hadithi ya watoto ambayo dunia nzima inaijua, wanarudi nyuma kabla haijaanza, na kutuonyesha ilikuwaje. Mimi naziita filamu za kabla. Mchawi mbaya wa nchi ya Oz alikuwaje akiwa mwanafunzi. Wonka alikuwaje kabla ya kiwanda cha chokoleti. Scar alikuwaje kabla ya kovu. Mwaka 2014 ilikuwa Maleficent, 2021 Cruella, na wala hawana dalili ya kuchoka. Tangazo ni lile lile: njoo nikuonyeshe asili. Na hapo kwa neno asili ndipo ugomvi wangu ulipo. Mnatuuzia asili, na asili yenyewe mmeiruka kama mtaro.

Niliileta Mufasa nyumbani Mtopanga kwa flashi. (Najua, najua. Naongea habari za mali ya watu na flashi ni ya duka la muvi. Tutagombana siku nyingine.) Tulikaa mimi, mpwa wangu wa miaka saba, na bibi. Bibi hatazami muvi, yeye huchambua mchele huku masikio yako kwa TV. Basi kwenye filamu mafuriko yakamsomba Mufasa mdogo, akapotezana na wazazi wake, akaokotwa na mtoto wa mfalme wa ukoo mwingine. Mpwa wangu, ambaye alishaitazama kwa jirani, akawa anatutajia kila anayetokea. Bibi akainua kichwa.

"Yupi huyo yuwaitwa Taka?"

"Mwana wa mfalme, bibi."

"Mwana wa mfalme? Kwani mamake alimzaa jaani?"

Nikacheka. Lakini mpwa wangu hakucheka. Alimjibu bibi kwa upole, kama mtu anayemwelimisha mzee: "Bibi, hilo ni jina. Ni la Kizungu."

Huyu mtoto hutumwa kumwaga taka kila asubuhi kabla ya shule. Neno hilo amelijua kabla ya jina lake la pili. Lakini lilipotoka kwa kinywa cha simba wa Marekani, lilirudi kwake kama la wenyewe. Mimi nililichezea jukwaani kwa pesa na nikachekwa, hayo ni yangu. Ila kumsikia yeye akisema ni la Kizungu, hapo nilizima TV. (Akalia, nikaiwasha.)

Hebu tuwaangalie hawa simba kwa majina. Simba ni simba, sawa. Rafiki ni rafiki. Sarabi ni mazigazi, jina zuri kabisa, hata mimi ningempa binti yangu. Halafu endelea. Fisi mkuu ni Shenzi, tusi ambalo babu zetu walitukanwa nalo na mabwana shamba wa kikoloni. Nguruwe mnene asiyejielewa ni Pumbaa. Mwaka 1998 ilipotoka Lion King ya pili, kundi la wabaya likapewa Zira, Vitani, na yule kaka mchafu mwenye viroboto akaitwa Nuka. Nuka, jamani. Na sasa Taka. Ukitafuta mfalme mwenyewe, Mufasa, hilo si neno la Kiswahili. Wazazi wake kwenye filamu mpya ni Masego na Afia, jina moja la Kitswana na lingine la Ghana, sijui walikutana kwa ndege ipi.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: kwenye ile ile ya 1998, kijana aliyechaguliwa kuwa mrithi wa Scar anaitwa Kovu. Yaani Kiswahili cha Scar walikuwa nacho, sahihi, mfukoni, miaka 26 kabla ya Mufasa. Na jina Taka halikuzuka juzi, lilikuwemo kwenye kitabu cha watoto kilichotoka na filamu ya kwanza mwaka 1994. Miaka 30 ya kuuliza. Kabla ya filamu ile ya kwanza wasanii wao walikuja hadi hapa Kenya, wakazunguka Hell's Gate kule Naivasha wakichora mawe na majani. Mawe waliyatazama vizuri sana.

Kuna watakaoniambia taka pia ni kutaka, kwamba jina linamaanisha tamaa yake ya ufalme. Sawa. Nenda Marikiti umwite muuza viungo Taka, kisha umsimamishe umfafanulie sarufi. Uniletee majibu.

Na hapa ndipo napandwa na hasira kweli, kwa sababu hadithi nzuri ilikuwa mle ndani na wakaipita. Wazee wetu walikuwa na mtindo: mama akifiwa na watoto mmoja baada ya mwingine, anayezaliwa baadaye anapewa jina baya makusudi. Mashaka. Tabu. Shida. Ili kifo kikipita mlangoni kisimtamani, na jicho la mtu lisimwone ni wa thamani. Mnawajua watu wenye majina haya, wengine mmesoma nao. Sasa fikiria malkia simba aliyezika wana watatu, wa nne akamwita Taka ili aishi. Jina la mapenzi, lililofichwa ndani ya tusi. Mtoto akue akichekwa, asijue kwa nini mama alimfanyia vile, na siku ya kuambiwa iwe imechelewa. Hiyo ndiyo filamu ya kabla! Bibi angeiacha mchele. Lakini ili uipate hiyo lazima ukae na mtu anayezungumza lugha yenyewe, umuulize. Ukitafuta neno kwenye kamusi na kuondoka, utaondoka na taka.

Badala yake wamempa sababu gani huyu Scar? Kwamba hakuwa hata ndugu wa damu na Mufasa. Kwamba alimpenda Sarabi na Sarabi akampenda mwingine. Kwamba akamsaliti nduguye kwa simba weupe, halafu kovu akalipata akimkinga huyo huyo aliyemsaliti. Kisha Mufasa anasema hatalitamka jina lake tena, na jamaa anajichagulia jina la Kiingereza. Kila kitu kina risiti. Mimi niliyemcheza misimu miwili nawaambia, Scar wa 1994 hakuhitaji risiti. Watoto mbele ya jukwaa walikuwa wananizomea, Wajerumani, Waitaliano, watoto wa Nairobi waliokuja likizo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini namwonea wivu ndugu yangu. Kila mwenye kaka anajua.

Msidhani ni simba tu. Wonka ya 2023 inatuletea Oompa-Loompa mmoja, mtu mfupi wa rangi ya chungwa, Hugh Grant, anayemwandama Willy Wonka kwa sababu aliiba punje zao za kakao. Inachekesha, nilicheka. Lakini asili ya Oompa-Loompa iko wapi? Roald Dahl alipotoa kitabu mwaka 1964, Oompa-Loompa walikuwa Waafrika. Watu wafupi weusi, Wonka amewatoa msituni Afrika, amewasafirisha ndani ya makasha, na wanafanya kazi kiwandani kwa malipo ya kakao. Watu wakalalamika, na kwenye toleo la 1973 wakageuzwa weupe na kupewa nchi yao ya kubuni. Filamu ya 1971 ilikuwa imeshawapaka rangi ya chungwa. Sasa miaka 50 baadaye inakuja filamu ambayo kazi yake nzima ni kutueleza yalianzaje baina ya Wonka na hawa watu, na inasema yalianza kwa punje chache na mlinzi aliyesinzia. Yaani mtu anarudi nyuma kabisa, anafika mpaka kwenye mlango wenye makasha, anaupaka rangi, anageuka. Hiyo ni kuondoa ushahidi kwa nyimbo.

Nitakuwa mkweli kwa Wicked kwa sababu nina marafiki watakaonifuata hadi kwangu. Gregory Maguire alipoandika kile kitabu mwaka 1995, alirudi kwa hadithi ya Oz ya mwaka 1900 akaiuliza swali la maana: nani aliyesema huyu mwanamke ni mbaya, na alifaidika nini kusema hivyo? Hiyo ni kugombana na hadithi ya zamani. Naikubali. Ninayoikataa ni ile ya kurudi nyuma kwenda kuchota tu maji ya kuuza.

Na kuchota wanajua. Sisi watu wa hoteli maneno hakuna matata tumeyaimba hadi ulimi ukaota sugu. Wimbo wa Jambo Bwana ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, vijana wa Mombasa hii hii, ukatoka mwaka 1982, maneno hayo yakiwemo, miaka 12 kabla ya Pumbaa kuzaliwa. Mwaka 1994 Disney wakaomba maneno hayo yawe alama yao ya biashara kwenye nguo kule Marekani, na mwaka 2003 wakasajiliwa. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, akaanzisha ombi la kuyarudisha na maelfu wakatia sahihi. Mawakili wakafafanua kwamba alama kwenye fulana haimkatazi mtu kusema. Kweli, haimkatazi. Bibi yangu anaruhusiwa kusema. Asante.

(Tena mtu wa Mombasa hasemi hakuna matata, isipokuwa anauza kitu. Tunasema hamna neno.)

Sasa niwape hadithi. Anayoipenda bibi ni ya Hamdani na paa. Msiseme ni za vijijini hizi, maana Edward Steere aliichapa mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, na mwaka 1901 Andrew Lang akaiweka kwenye kitabu chake cha hadithi za watoto wa Kiingereza. Iko kwenye rafu moja na hizo zao.

Hamdani ni maskini wa kupekua jaani, anatafuta punje za mtama ale. Siku moja anaokota thumuni. Watu wanamwambia nunua chakula, yeye ananunua paa. Paa anazungumza. Anamwendea Sultani Darai na almasi, anasema bwana wangu ameleta posa. Anamvisha Hamdani, anamwoza binti wa sultani, anakwenda mji wa mbali, anaua nyoka wa vichwa saba, anamkabidhi bwana wake jumba na mali yote. Halafu paa anaugua. Anaomba uji. Na Hamdani, ndani ya jumba lile lile, anasema mpeni ule wa mtama mwekundu ambao hata farasi hawautaki. Mke analia, watumishi wanalia. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Usiku ule Hamdani anaota yuko jaani anapekua, na anapoamka, yuko jaani anapekua.

Hamna maelezo. Hadithi haisemi kwa nini. Nilikuwa na miaka sita nilipoisikia mara ya kwanza na sikulala. Nikamuuliza bibi kwa nini alimfanyia vile. Akaniambia, "Wewe waonaje?" Nikasema labda alisahau. Nikiwa darasa la saba nikamwambia labda alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Sasa nina miaka 24, nimeshafanya kazi hotelini, nimeona watu wakipanda vyeo, na naona Hamdani hakusahau chochote. Paa ndiye pekee aliyemwona jaani. Ungemtazamaje kila asubuhi, ndani ya jumba?

Wape Hollywood watupe Hamdani: Mwanzo. Saa mbili. Hamdani mdogo mzuri wa sura, ana mbuzi wake, mbuzi anakufa, anaapa hatapenda mnyama tena. Wimbo. Ukifika kwenye uji wa mtama mwekundu huumii tena, unasikitika tu, maana umeshaambiwa. Na yale majibu yangu matatu, ya miaka 18, hakuna mtoto atakayeyatafuta, yamejibiwa na mtu wa mishahara kule Burbank.

Mtasema nyie Waswahili mnalalamika tu, mbona hamtoi za kwenu? Zimetoka. Iliyo karibu zaidi iko hapa hapa, ng'ambo ya barabara kutoka Mtambo. Desemba 2004 kiboko mdogo alisombwa na maji ya mto hadi baharini upande wa Malindi, na wakati wa tsunami akakwama peke yake kwenye mwamba. Watu wakamwokoa, akaletwa Haller Park, Bamburi. Akamng'ang'ania kobe wa zaidi ya miaka 100 kana kwamba ndiye mamake. Kobe akakubali. Kitabu cha watoto, Owen & Mzee, kikatoka mwaka 2006, mmoja wa waandishi wake akiwa Paula Kahumbu, Mkenya mwenzetu. Mtoto wa mnyama, mafuriko, ukoo wa kigeni: simwambii mtu ameiba, mafuriko ni ya wote. Ila tazameni jina la kobe. Mzee. Kwa sababu ni mzee. Mtu aliyempa jina hilo alikuwa akizungumza na watu waliosimama pale.

Kuhusu ile hoteli, kabla ya kuachwa niliwapelekea wazo la Hamdani na paa. Nilikuwa nimeshaandika hadi ya nyoka, vichwa saba vya ndoo za plastiki. Nikaambiwa wageni wanamjua simba. Ni kweli, wanamjua. Mufasa imeingiza zaidi ya dola milioni 700, mimi nilikuwa nadai 800, za Kenya.

Basi nimeanza mwenyewe. Jumapili nilimrekodi bibi uani, sehemu ya kwanza, dakika 11. Jogoo wa jirani yumo, kuna bodaboda inapita pale pa almasi, sitakata. Mpwa wangu alikaa chini ya mwembe akisikiliza, na katikati akamkatiza bibi akauliza paa anaitwa nani.

"Paa," bibi akamwambia, akaendelea.

Itapanda Ijumaa saa moja usiku. Ya nyoka ni wiki ijayo, ndoo bado natafuta mbili.